Zanebono na Maksai Wasiojua Kurudi Nyuma

Zanebono wa Roncavero alikuwa mtu wa kujisifu, na nikisema hivyo simsengenyi, maana mwenyewe alilisema sokoni mchana kweupe. "Najisifu, ndiyo," alikuwa akisema, huku kidole kikiwa kifuani kwa yeyote aliyesimama karibu. "Sasa niambie, ni lipi nililowahi kusema ambalo si kweli?" Watu walikuna vichwa na kuondoka. Katika mji mzima wa wafumaji, wahunzi, waoka mikate na mabwana wenye farasi wasio na kazi ya kueleweka, ni mtu mmoja tu aliyeruhusiwa kushika kamba za maksai wa gari la bendera, na mtu huyo alikuwa yeye. Kabla yake alikuwa baba yake. Kazi yenyewe ilimsamehe kodi, zamu za ulinzi wa ukuta na salamu za unyenyekevu, ingawa hili la mwisho alijipa mwenyewe.

Gari lilikaa mwaka mzima ndani ya kanisa kuu, limepakwa rangi nyekundu mpaka kwenye magurudumu. Lilikuwa na mlingoti mrefu wa msonobari, kengele, na jukwaa la padri na wapiga tarumbeta. Vita vikija lilitolewa nje, bendera ya mji ikapandishwa mlingotini, maksai jozi tatu wakafungwa nira, na kila mwanamume wa Roncavero mwenye mikono miwili akalifuata kwa miguu. Vita visipokuja, lilikaa pale pale, na wanawake waliokuja kubatiza watoto walitundika mashali yao kwenye magurudumu.

Maksai walikuwa wakubwa, weupe, wenye pembe za kukumbatia hewa. Jozi ya mbele ndiyo iliyoongoza wengine, na Zanebono aliwapa majina yaliyomletea maneno. Wa kulia alimwita Askofu. Wa kushoto alimwita Liwali, kwa heshima ya watawala tunaowaajiri kutoka miji mingine, mwaka mmoja mmoja, waje watuamulie kesi zetu na kula nyama yetu.

"Zanebono, huna hata haya?" padri alimkaripia siku moja. "Jana nimekusikia kwa masikio yangu ukimwambia Askofu aondoe matako yake njiani!"

"Padri wangu, alikuwa amekalia ndoo."

"Mbadilishie jina."

"Nitambadilishiaje na ameshalizoea? Mwambie Baba Askofu abadilishe la kwake, yeye ana kichwa chepesi cha kujifunza."

Mkewe, Richelda, hakuyapenda majina hayo, lakini ugomvi wake na Askofu ulikuwa wa zamani zaidi. Askofu alizaliwa katika baridi kali, akitanguliza miguu, na mama yake akafa palepale kwenye majani. Zanebono alimbeba ndama huyo begani mpaka jikoni kwake, akamlaza karibu na moto, akamnywesha uji wa mtama kwa kitambaa alichokuwa akikichovya na kumpa anyonye. Ndama alikula shuka la harusi la Richelda. Alikula na ufagio. Alipokuwa mkubwa wa kutosha kuvunja meza ndipo alipohamishiwa zizini, na tangu hapo kila Zanebono alipomkaribia, alimwekea kidevu begani na kupumua kwa nguvu, kwa namna ambayo shati la mtu yule lilikuwa halikauki upande mmoja.

"Mimi nimeolewa ndoa ya wake wawili," Richelda aliwaambia majirani zake. "Na yule mwingine ndiye anayependwa."

Liwali naye hakuwa na makuu. Alikuwa mwenzake Askofu tangu wote wawili walipoanza kuvaa nira, na hakujua kuanza hatua mpaka Askofu aanze. Ukimtoa peke yake kumpeleka mtoni, alisimama njiani akitazama nyuma, na hapo hasogei hata umpige fimbo mpaka ivunjike.

Sasa kuna jambo moja kuhusu maksai hawa ambalo kwetu ni la kawaida kabisa, ila wageni hucheka. Hawakufundishwa kurudi nyuma. Maksai wa shamba hujua mbele, simama, na rudi. Wa gari la bendera walijua mbele na simama tu. Ndani ya zizi lile neno "rudi" lilikuwa mwiko, na aliyelitamka kwa bahati mbaya alitolewa nje kwa teke. Gari likikosea mlango wa kanisa kwa kiasi cha kiganja, hakuna kusogea nyuma kidogo likae sawa: lazima lizunguke uwanja mzima lije upya. Mwaka mmoja wa mvua lilizunguka kisima mara nyingi mpaka wapiga tarumbeta wakatapika, na wavulana wakawa wanapiga kelele za dhihaka. Zanebono alitembea pembeni ya Askofu, kidevu juu, kana kwamba mji ulikuwa umeomba kuoneshwa gari kutoka pande zote.

Na ukitaka kumuudhi, uite kila kitambaa kinachopepea kwa neno moja, bendera. Alikuwa na maneno yake na alitaka yatumike sawasawa. Kile kitambaa chembamba chenye ncha mbili kwenye mkuki wa bwana wa farasi kiliitwa penoni, naye alikidharau. "Leso ya makamasi," alisema. "Bwana akikimbia, nayo inakimbia naye." Kila lango la mji lilikuwa na gonfaloni yake, ile inayoning'inia kwenye kijiti cha kukingama na kuteremsha ndimi ndefu, na watu wa lango hilo walipanga safu chini yake; hiyo aliiheshimu kwa kiasi. Lakini ile kubwa ya mlingotini, nyeupe yenye msalaba mwekundu, hiyo ndiyo stendado, na ni hiyo peke yake aliyoivulia kofia. Askari mmoja wa kukodiwa, Mjerumani, alimwambia kwamba neno hilo kwao lilitokana na kusimama imara. Zanebono hakujua kama ni elimu au ni divai iliyosema, lakini alilichukua akalieneza mji mzima kama ni yeye aliyelibuni.

Kijana mmoja wa ukoo wenye farasi aliwahi kumuuliza kwa nini gari lisifungwe farasi, liende upesi.

"Liende upesi wapi?" Zanebono alimuuliza.

"Popote linapohitajika."

"Bwana mdogo, wewe una farasi, una njia ya kwenda nyumbani. Mfumaji hana. Mfumaji ana mkuki wa kuazima na miguu miwili, tena mmoja una donda. Huyo anataka kitu kimoja tu vitani: kitu ambacho hakiwezi kumkimbia."

Sisi wa miguu sote tulilijua hilo. Gari likienda, unaenda. Likisimama, unasimama, maana ukiliacha hakuna mwingine wa kulilinda, na aliyeliacha harudi kuoa wala kuozesha Roncavero.

Kila sikukuu ya Mtakatifu Martino, Zanebono alisimama mbele ya baraza na kula kiapo. Gari halitageuka. Na likiwa linachukuliwa na adui, ataangusha maksai wake kwa mkono wake mwenyewe, kwa shoka la kiapo, ili lisiende mbele wala popote. Shoka hilo lilifungwa kwenye mti wa gari, karibu na mkono wa mwendeshaji. Baba yake hakuwahi kulifungua. Babu yake pia. Zanebono alikitamka kiapo kwa sauti ya kusikika mpaka nje, halafu akaenda kunywa.

Mtu pekee aliyethubutu kumchokoza kwa hilo alikuwa Guizardo mchinjaji, kaka yake Richelda, mtu mnene mwenye mikono myekundu. Wakati wa vita Guizardo alikuwa mlinzi wa gurudumu la kulia, kwa hiyo walitembea karibu karibu, na utani wao haukuwa na mapumziko.

"Shemeji, hilo shoka lina kutu," Guizardo alimwambia kila mwaka. "Nikunolee? Au tuliache lilale na bwana wake?"

"Linoe ulimi wako kwanza."

"Mimi nakuuliza tu kama ndugu. Siku ikifika, utampiga Askofu wewe? Wewe uliyemfungia Askofu skafu wakati wa baridi?"

"Nitampiga kabla hujamaliza kupiga domo."

"Haki ya Mungu utaniomba mimi."

"Nikuombe wewe? Maksai wangu wakikusikia harufu tu wanaanza kukojoa!"

Hilo lilikuwa kweli. Guizardo alinukia damu hata siku ya Pasaka, na wanyama wote wa mji walimpisha. Watu walicheka, na Zanebono alicheka kuliko wote, maana moyoni hakuwa na shaka yoyote. Aliamini ataweza. Aliamini pia kwamba siku hiyo haitakuja, na imani hizi mbili zilikaa ndani yake bila kugombana.

Ndipo watu wa Montegrano, majirani zetu wa juu ya mto ambao Mungu aliwaumba siku aliyokuwa amechoka, walipofunga mlango wa maji. Mfereji wetu ukakauka. Vinu vikasimama, mtama ukakaa maguniani bila kusagwa, na Roncavero nzima ikaanza kutafuna chestinati, kokwa za miti ya mlimani, na kunung'unika. Baraza liliandika barua, likajibiwa matusi. Kengele ikapigwa, gari likatolewa kanisani.

Tuliwakuta kwenye mashamba yaliyokwisha kuvunwa, mabua makavu mpaka magotini. Zanebono alitembea mahali pake, begani pa Askofu, amevaa kofia mpya. Maksai walikuwa wamefunikwa vitambaa vyeupe vyenye misalaba, stendado ilikuwa imejaa upepo, na padri alikuwa juu ya jukwaa akishika mlingoti kwa mikono miwili kwa sababu ya mashimo. "Tazameni vizuri," Zanebono aliwaambia wafumaji waliokuwa karibu naye, ambao midomo ilikuwa imewakauka. "Leo mtawahadithia wajukuu. Wewe, kaza mkanda wa hiyo ngao, unaning'inia kama soksi."

Mwanzo ulikwenda vizuri. Mabwana wetu wa farasi walishambulia mabwana wao wa farasi, wale wakageuka, wetu wakawafukuza, na penoni zote, zao na zetu, zikavuka kilima na kupotea.

"Leso zimekwenda," alisema Zanebono.

Tukabaki sisi, na wao wa miguu mbele yetu, na kikosi kidogo cha farasi wao ambacho hakikufukuzana na mtu. Kilikuwa kimejificha nyuma ya miti ya mto. Kilikuja ubavuni kwa kasi, na sote tukainua mikuki kulinda magurudumu, kama tulivyofundishwa, kwa sababu tulidhani wanakuja kulipindua gari au kuukata mlingoti. Hawakuja kwenye magurudumu. Walipita mbele, wakawakanyaga watu wawili watatu, wakafika kwa maksai. Mmoja wao, mtu wa koti la manjano, aliinama kwenye tandiko akashika kamba ya pete ya pua ya Askofu, akaizungusha kwenye tandiko lake na kuifunga. Wengine wakawachoma maksai makalioni kwa ncha za mikuki.

Na maksai wakaenda mbele.

Naona haya kulisema mpaka leo, maana mji mzima, baraza lake na watakatifu wake, hakuna hata mmoja aliyewahi kulifikiria. Tuliwafundisha wanyama wale kutorudi nyuma, tukajiona wajanja. Adui hakuhitaji kuwarudisha nyuma. Alihitaji kuwavuta tu kule walikokuwa wameelekea, nao walielekea Montegrano. Gari letu, pamoja na kengele yetu, padri wetu na stendado yetu, likatoka katikati ya mikuki yetu na kuanza safari ya kwenda kwa adui, taratibu, kwa mwendo ule ule wa heshima.

Zanebono alikuwa ameangushwa na farasi wa kwanza. Aliinuka bila kofia, gurudumu likimpita karibu na mguu, akaanza kupiga kelele, "Simama! Askofu, simama!" Lakini wapiga kengele, masikini, walikuwa wanapiga kwa nguvu zao zote kututia moyo, na sauti ya mtu mmoja haikupenya. Wafumaji walikimbia pembeni ya gari wakijaribu kubaki nalo, safu ikavunjika, mikuki ikagongana, na adui wa miguu, alipoona hivyo, akaanza kuja. Tungechinjwa wote pale, mmoja mmoja, tukilikimbilia gari letu wenyewe.

Zanebono alilishika shoka. Kamba yake ilikuwa imekauka, ikabidi aikate kwa meno.

Guizardo alimfikia wakati huo huo, akihema, panga mkononi. Usoni hakuwa na chembe ya utani. "Nipe mimi, shemeji," alisema. "Nipe. Ni kazi yangu, wewe geuka utazame kule."

Naye kwa wema wake akatangulia mbio mpaka mbele. Askofu alimsikia harufu. Akatupa kichwa, macho yakamtoka, akavuta kwa kishindo, na gari likaongeza mwendo.

"Toka hapo!" Zanebono alifoka. "Anakuogopa! Unamkimbiza! Toka!"

Guizardo akaruka pembeni, akambakisha yeye peke yake. Zanebono alikwenda mahali pake pa kila siku, bega kwa bega na Askofu, akaanza kutembea naye. Hakupiga tena kelele. Alisema yale maneno ya jikoni, ya uji na kitambaa, ambayo Richelda ndiye pekee aliyewahi kuyasikia. Askofu aliyasikia hata ndani ya kengele zile. Pete ilikuwa ikimvuta pua mpaka inatoka damu, lakini aligeuza shingo kinyume cha kamba, akamwekea Zanebono kidevu begani, akapumua, akapunguza mwendo. Hakuna mtu mwingine duniani ambaye angemtulia namna hiyo. Zanebono alilijua hilo, akarudi nusu hatua, akainua shoka kwa mikono miwili, na kumpiga katikati ya paji la uso.

Pigo moja. Baba yake alimfundisha vizuri.

Askofu alipiga magoti, halafu akalala kwa uzito wake wote, na nira ikamwinamisha Liwali mpaka pua ikagusa mabua. Jozi za nyuma ziligongana nao na kusimama. Padri alirushwa kutoka jukwaani akaangukia mgongo wa mpiga tarumbeta. Yule mtu wa koti la manjano alikuwa amefunga kamba kwenye tandiko lake, kamba ikakazika, farasi wake akavutwa nyuma ghafla na kuanguka ubavu, na Guizardo akawa wa kwanza kumfikia. Hilo sitalieleza.

Gari lilikuwa limekaa kama nyumba. Halikuweza kwenda Montegrano wala Roncavero wala popote, na sisi vilevile. Tukalizunguka tena, bega kwa bega, ngao kwa ngao, na safari hii hakuna aliyetazama nyuma kutafuta pa kutokea, kwa kuwa hapakuwapo. Walikuja mara ya kwanza tukawasukuma. Walikuja tena, tukawasukuma. Mfumaji mwenye donda mguuni aliimba matusi muda wote kwa sauti nzuri sana. Jua lilipoinama, mabwana wetu wa farasi walitokea kilimani kuuliza kama kuna kazi iliyobaki, na watu wa Montegrano walipoziona penoni zile, waliingia mitini wakiwaacha majeruhi wao.

Muda wote huo Zanebono alikuwa amekaa chini, kichwa cha Askofu mapajani, mkono mmoja kwenye pua ya Liwali, akimbembeleza asipapatike ndani ya nira pembeni ya mwenzake aliyekufa. Ilimuuma. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, kama wanavyolia watu msibani, na hakujali nani anamtazama. Mikuki ilipita juu ya kichwa chake na hakuinama.

Kuna desturi kwamba nyama ya maksai aliyeanguka chini ya stendado huliwa na waliosimama karibu naye. Watu walikuwa na njaa ya siku nyingi, lakini hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulitaja. Mwishowe Guizardo alikuja, akasimama mbali kidogo, upande usio na upepo, ili Liwali asimsikie harufu.

"Shemeji," alisema. "Wanauliza."

"Najua wanachouliza. Kuleni. Amewafanyia kazi, sasa awashibishe." Akajifuta uso kwa kiganja. "Ila wewe mwenyewe ndiye utakayemchuna, Guizardo, si wale vijana wako. Na ufanye kazi safi."

"Nitafanya safi."

"Na ukilitia neno la mzaha, nakuua."

"Sina neno, ndugu yangu," alisema Guizardo, na kweli hakuwa nalo. Alifanya kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, akagawa nyama kwa kila kikosi, na yeye na Zanebono wakala mkate na kitunguu.

Asubuhi ilikuja habari kwamba mlango wa maji umefunguliwa. Ikawa ni kurudi nyumbani kwa tarumbeta. Wakaleta maksai kutoka kwenye magari ya mizigo, mnyama mzuri tu, wakamfunga mahali pa Askofu. Liwali alimsukuma kwa pembe mpaka kamba zikakatika. Wakaleta mwingine, ikawa vilevile. Wakajaribu kumwendesha peke yake, akasimama akitazama nyuma, kule kwenye mabua yaliyolowa damu.

Liwali mwenyewe, namaanisha yule mtu, si yule maksai, alikuja juu ya farasi wake, mashavu yakiwa yamejaa hasira.

"Mji unatungoja! Mwondoeni huyo mnyama, fungeni jozi ya pili mbele, twendeni."

"Hapana, bwana mkubwa," alisema Zanebono.

"Umesemaje?"

"Nimesema hapana. Gari lilitoka na jozi tatu na litaingia na jozi tatu. Ukilifunga jozi mbili, mama zetu watakaokaa juu ya ukuta wataona mwanya kabla hawajaona msalaba, na watadhani tumeshindwa. Mimi sitawatisha mama zetu kwa sababu wewe una haraka ya chakula cha mchana."

Kisha, bila kumwomba mtu ruhusa, alivua koti, akalikunja, akaliweka begani kama mto, akaingia chini ya nira upande wa kulia. Alisimama wima, akaubeba mti ule. Mishipa ya shingo ilimtoka. Akasema neno moja kwa Liwali wa nira na kupiga hatua.

Liwali akapiga hatua.

Jozi za nyuma zikavuta, gari likaanza kusogea, na stendado ikafunguka juu yao wote. Hakuna aliyecheka mwanzoni, maana hatukujua kama inafaa. Guizardo ndiye aliyeanza, kicheko kizito cha tumboni huku machozi yakimtiririka, halafu wote tukacheka na kulia hivyo hivyo, na Zanebono, bega likichubuka, akaanza kujisifu. Alijisifu njia nzima. Aliwauliza mabwana wa farasi kama wanataka kufungwa nao, nafasi zipo. Aliwaambia wafumaji watazame mguu wake wa kulia unavyokanyaga, ndivyo inavyotakiwa. Sauti ilikuwa imemkauka na bado alijisifu.

Langoni Richelda alikuwa amesimama mbele ya wanawake wengine. "Mwanamume wewe, umekuwa ng'ombe sasa?" alianza, mikono kiunoni. Halafu aliona aliyekosekana. Mikono ikamshuka. Alikuja upande wa pili, akashika kamba ya Liwali, na kutembea nao mpaka uwanjani.

Mbele ya kanisa walifungua jozi za nyuma, wakafungua kamba zilizounganisha nira ya mbele na gari, na baraza likasimama tayari kwa hotuba. Mzee wa baraza alimwita Zanebono atoke, apande ngazi, mji umwone. Kila mtu alijua ni kiasi gani alipenda kuonwa na mji. Lakini Liwali alikuwa amemwegemea, ubavu wote, akipumua polepole, macho yakianza kufumba kwa uchovu.

"Semeni tu hotuba yenu," alisema Zanebono. "Nawasikia kutoka hapa."

Akabaki chini ya nira, kichwa wazi, mpaka maksai yule alipokunja miguu na kulala.